Ibn al-Baytar wa Malaga, Mjuzi wa Mimea

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiotesha ardhi kila namna ya mmea kisha akampa mwanaadamu macho ya kutazama na akili ya kupambanua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Amma baada ya hayo. Ndugu msomaji, ukiingia katika duka lolote la dawa za asili hapa pwani yetu, utakuta humo sanamaki, uwatu, habasoda, shubiri na mvuje. Mama zetu wavijua vitu hivi, na bibi zetu walivijua kabla yao. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba kila kimoja katika vitu hivyo kimewekewa mlango wake katika kitabu kikubwa cha Muislamu mmoja wa Andalusi, aliyefariki zaidi ya miaka 770 iliyopita. Muislamu huyo ndiye Ibn al-Baytar. Twataka leo kueleza maisha yake, kwani katika maisha hayo mna jawabu ya suali linaloulizwa kila siku katika darasa zetu: Je, kuchunguza majani ya porini na wanyama wa nchi kavu na wa baharini ni katika ilimu, au ni mchezo wa dunia usiomhusu mtu wa dini?

KUZALIWA KWAKE NA NCHI YAKE

Jina lake ni Abdallah bin Ahmad, na lakabu yake ni Dhiyau-ddin, yaani mwangaza wa dini. Ibn al-Baytar maana yake ni mwana wa tabibu wa wanyama. Watu wa zama zake wakimwita pia al-Malaqi kwa nasaba ya mji wake, na al-Ashab, yaani mjuzi wa majani ya dawa. Alizaliwa Malaga, katika pwani ya kusini ya Hispania, mwishoni mwa karne ya 6 ya Hijra, karibu na mwaka 1197 wa Miladi.

Malaga ni bandari juu ya Bahari ya Kati, ambayo Waarabu wa kale wakiita Bahari ya Warumi. Nyuma yake pana milima, na mbele yake pana bahari. Pwani za bahari hiyo zina tabia yao: mvua hunyesha wakati wa baridi, na wakati wa joto mbingu hufunga kwa miezi mingi. Kwa hivyo mimea ya huko Mwenyezi Mungu ameipa silaha za kustahimili ukame. Mingi ina majani madogo, magumu, yenye mafuta na harufu kali. Mingine huficha maji yake ndani ya kitunguu kilichozikwa ardhini. Huko ndiko kwao mzeituni na mtini. Huko huota kijiti cha rozmari, ambacho Waarabu hukiita taji la mlima. Na katika kitabu chake Ibn al-Baytar imo khabari ya wawindaji wa Andalusi waliokuwa wakitia majani yake ndani ya tumbo la mnyama waliyemwinda, baada ya kumtoa matumbo, ili asiharibike upesi. Huko pia hupatikana kitunguu cha pwani ambacho Waarabu hukiita kitunguu cha panya, kwa kuwa panya akikila hufa. Na hicho hicho, kwa kipimo kidogo na kwa mkono wa mjuzi, kilikuwa katika dawa mashuhuri za matabibu wa kale.

Basi kijana huyu alikulia baina ya mlima na bahari, katika nchi iliyojaa mimea. Lakini nchi hiyo ilikuwa nchi inayokatika vipande. Mwaka 1212, angali kijana, majeshi ya Waislamu wa Muwahidi yalivunjwa katika vita vya al-Uqab, na tangu siku hiyo dola ya Kiislamu katika Andalusi haikupata tena kusimama sawasawa.

WALIMU WAKE

Ibn al-Baytar alikwenda kusoma Seville, mji ambao Waarabu wakiuita Ishbilia. Huko alisoma kwa walimu watatu: Abdallah bin Salih, na Abul-Hajjaj, na Abul-Abbas anayeitwa al-Nabati, yaani mtu wa mimea, ambaye pia ni mashuhuri kwa jina la Ibn al-Rumiyya. Yatupasa kusimama kidogo kwa huyu wa tatu, kwani bila ya kumjua mwalimu hatutamfahamu mwanafunzi.

Abul-Abbas alikuwa mtu wa hadithi. Alikuwa Maliki, kisha akafuata madhehebu ya Dhahiri na kumpenda mno Ibn Hazm. Alizunguka miji kutafuta wapokezi, na akatunga nyongeza ya kitabu maarufu cha Ibn Adi juu ya wapokezi walio dhaifu. Na mtu huyo huyo alikuwa na duka mjini Seville akiuza majani ya dawa. Alipotoka kwenda kuhiji, akafika Misri karibu na mwaka 1216, Mfalme al-Adil alisikia sifa zake, akamtaka akae Kairo kwa mshahara. Abul-Abbas akakataa, akaeleza kwamba yeye ametoka kwa ajili ya hija, na baada ya hija atarudi kwa watu wake. Akakaa muda kidogo akisaidia kutengeneza ile dawa kubwa ya sumu inayoitwa tiriaki, kisha akashika njia yake. Katika safari hiyo alikusanya hadithi kwa mashekhe wa Hijazi, Shamu na Iraki, na wakati huo huo akiandika khabari za kila mmea aliouona njiani.

Ndugu msomaji, wako wanaodhani kwamba kazi mbili hizi hazikutani. Ama ukizingatia utaona kwamba ni kazi moja. Mtu wa hadithi haridhiki kuambiwa tu kwamba neno fulani limesemwa. Huuliza nani amelisikia, na kwa nani, na je, alikuwa mkweli na mwenye hifadhi nzuri? Abul-Abbas aliuchukua mwendo huo huo akaupeleka kondeni. Alipoona katika kitabu kwamba mmea fulani una sifa fulani, aliuliza: Nani aliyeuona? Aliuona wapi? Na je, jina hili la Kiarabu kweli ndilo la mmea ule ule uliotajwa na Wayunani?

Suali hili la majina halikuwa dogo. Tabibu wa Kiyunani Dioscorides, wa karne ya 1 ya Miladi, alitunga kitabu cha dawa chenye makala 5. Kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9 na Istifan bin Basil, kisha kikasahihishwa na Hunain bin Ishaq. Lakini majina mengi ya mimea Istifan hakuyajua kwa Kiarabu, akayaacha kwa Kiyunani kama yalivyo, akitaraji kwamba atakuja mtu baada yake atakayeyajua. Katikati ya karne ya 10 mfalme wa Konstantinopoli alimpelekea Khalifa Abdul-Rahman al-Nasir wa Cordoba nakala ya Kiyunani ya kitabu hicho, na baadaye akampeleka mtawa mmoja aitwaye Nicolas kuifafanua. Matabibu wa Andalusi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wakakaa pamoja naye wakitafuta mmea mmoja mmoja. Kwani jina likikosewa, mgonjwa hupewa kitu kingine, na huenda kitu hicho kikamwua. Hiyo ndiyo kazi ambayo Abul-Abbas aliirithi, na Ibn al-Baytar akaikamilisha.

SAFARI ZAKE

Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wakitoka pamoja viungani mwa Seville kukusanya mimea. Kisha, karibu na mwaka 617 wa Hijra, yaani 1220, Ibn al-Baytar akaiaga Andalusi. Akavuka bahari mpaka Maghribi, akafuata pwani kwenda mashariki: Bijaya na Konstantina katika nchi ambayo leo ni Algeria, kisha Tunis, kisha Tarabulusi na Barqa katika Libya. Akafika mpaka nchi za Warumi katika Asia Ndogo, ambayo leo ni Uturuki. Huko aliwauliza wenyeji wenye ujuzi, akayahakikisha majina ya Kiyunani kwa masikio yake na mimea yenyewe kwa macho yake.

Katika kila nchi mwendo wake ulikuwa mmoja. Hutafuta wanaojua, wawe maulamaa wa mjini au wachungaji wa porini. Huuliza jina la mmea kwa lugha ya wenyeji. Huutazama mahali unapoota, ni mlimani, bondeni au mchangani kando ya bahari. Huandika sura ya jani lake, ua lake, mbegu yake na mzizi wake. Ndipo hurudi kwenye vitabu na kulinganisha.

Alipofika Misri, mfalme alikuwa al-Kamil, mwana wa yule al-Adil aliyetaka kumweka mwalimu wake. Al-Kamil akamfanya Ibn al-Baytar mkuu wa wajuzi wote wa majani ya dawa katika nchi ya Misri, na akimtegemea katika mambo ya dawa. Alipokwenda Shamu alikwenda naye, na huko kazi ya kuchunguza ikaendelea.

Mwaka 633 wa Hijra, yaani 1235 na 1236, mjini Damascus, alikutana naye Ibn Abi Usaibia, mtunzi wa kitabu mashuhuri cha maisha ya matabibu. Huyu ametuachia khabari zake kwa ushahidi wa macho. Amemsifu kwa tabia njema, ukarimu na murua. Ameeleza kwamba walitoka pamoja nje ya Damascus kutazama mimea mahali inapoota, na kwamba alisoma kwake sherehe yake ya kitabu cha Dioscorides. Alikuwa akileta vitabu vya Dioscorides, Galen na al-Ghafiqi. Ibn al-Baytar hutaja kwanza aliyoyasema Dioscorides, kwa maneno ya Kiyunani kama alivyoyahakikisha katika nchi za Warumi. Kisha hutaja ya Galen. Kisha ya waliokuja nyuma, na mahali walipokhitilafiana, na mahali walipokosea. Na kila akitaja dawa, hutaja pia imo katika makala ya ngapi na ni ya ngapi katika makala hiyo. Mwanafunzi akifungua kitabu huikuta pale pale.

VITABU VYAKE

Al-Kamil alipofariki mwaka 1238, Ibn al-Baytar alirudi Misri, kisha akamtumikia mwanawe al-Salih Najmu-ddin Ayyub, na kwa ajili yake akatunga vitabu vyake viwili vikubwa. Cha kwanza ni al-Mughni, alichokipanga kwa viungo vya mwili katika milango 20, ili tabibu mwenye mgonjwa wa kichwa au wa jicho aone upesi linalomfaa. Cha pili, nacho ndicho kilichompa jina duniani, ni al-Jami, yaani mkusanyo wa dawa na vyakula. Humo mna khabari za mimea, wanyama na madini karibu 1,400, kwa mpango wa herufi. Wachunguzi wamehesabu humo majina ya watungaji wapatao 150 aliowanakili, na dawa baina ya 200 na 300 ambazo hazikuwa zimeandikwa kabla yake.

Katika dibaji ya kitabu hicho ameeleza makusudio yake kwa mpango. Ameahidi kukusanya yote ya Dioscorides na Galen na ya waliokuja baadaye, na kulinasibisha kila neno kwa mwenyewe. Ameahidi kwamba alilolithibitisha kwa kuona na kujaribu atalihifadhi, na ambalo uchunguzi umelikanusha atalitupa, bila ya kumpendelea wa kale kwa ukale wake wala wa sasa kwa upya wake. Ameahidi kutorudiarudia maneno, na kufuata mpango wa herufi ili kumrahisishia mtafutaji. Ameahidi kuonyesha makosa ya waliotegemea karatasi na nakili peke yake. Na ameahidi kutaja majina ya dawa kwa lugha mbali mbali, hata Kibarbari na lugha ya Wakristo wa Andalusi, na kuyadhibiti kwa irabu na nukta ili mnakili asiyapotoe.

Kwa uaminifu huo ameyahifadhi hata yaliyopotea kwa wengine. Kitabu cha safari cha mwalimu wake Abul-Abbas hakipo leo. Tunachokijua ni yale aliyoyanakili mwanafunzi. Miongoni mwa hayo ni khabari ya mafunjo ya Misri, jinsi watu wa kale walivyokuwa wakiipasua miti yake, wakaipanga juu ya ubao na kuigandisha kwa ute wa myungiyungi, mpaka ikawa karatasi ya kuandikia.

KHABARI YA ATRILALI

Tutoe mfano mmoja, nao ni mlango wa mwanzo kabisa wa al-Jami. Uko mmea ambao Mabarbari huuita atrilali, yaani mguu wa ndege, na wataalamu wa leo huuita Ammi majus. Huota katika nchi za pwani ya Bahari ya Kati na katika bonde la Nili. Ibn al-Baytar amesimulia kwamba kabila moja la Kibarbari katika wilaya ya Bijaya walikuwa wakiutumia kutibu mbalanga, maradhi yale ya ngozi kugeuka nyeupe. Watu walikuwa wakiwaendea kutoka kila upande kwa kutibiwa. Nao waliuficha mmea ule, wakirithishana baba kwa mwana, mpaka Mwenyezi Mungu akawafunulia baadhi ya watu, wakaujua na wakawajulisha wenziwao.

Kisha yeye akaeleza wazi yaliyofichwa. Mgonjwa hupewa mbegu za mmea huo, akaketi katika jua kali huku mahali penye weupe pamefunuliwa, mpaka ngozi ikatoka malengelenge. Yakipoa, rangi ya mwili hurudi. Akaongeza kwamba ameijaribu zaidi ya mara moja akaona nafuu yake, lakini nguvu yake hukhitilafiana: wengine huathirika upesi, na wengine huhitaji kurudia.

Yalipita miaka 700. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Misri wakazichunguza mbegu zile zile zilizokuwa zikiuzwa na waganga wa nchi yao, wakatoa ndani yake asili ya dawa yenyewe. Na tabibu wa Kimisri el-Mofty akawatibu nayo wenye mbalanga. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani na Austria wakaeleza matibabu ya dawa hiyo pamoja na taa ya miale maalumu kwa maradhi mengine ya ngozi, na njia hiyo ikaenea katika hospitali za dunia. Ikadhihiri kwamba jua halikuwa pambo katika maelezo ya Ibn al-Baytar: dawa haifanyi kazi bila ya mwangaza. Na hapa yafaa kuonya: dawa hii huunguza ngozi vibaya ikitumiwa bila ya kipimo. Haya twayaeleza kwa ilimu, si kwa mtu kujitibu nyumbani.

KUFARIKI KWAKE

Ibn al-Baytar alifariki ghafula mjini Damascus katika Shaabani ya mwaka 646 wa Hijra, yaani mwisho wa mwaka 1248. Katika mwezi huo huo wa Shaabani, Seville, mji aliosomea, ulisalimu amri kwa Mfalme Ferdinand wa Castile. Cordoba ulikuwa umekwisha tekwa mwaka 1236. Malaga, mji aliozaliwa, ulibaki mpaka mwaka 1487, kisha nao ukaenda.

Dola ilianguka, lakini kitabu hakikuanguka. Kilinakiliwa Misri, Shamu na Maghribi. Kilifasiriwa kwa Kijerumani na Sontheimer mwaka 1840 na 1842. Kilipigwa chapa Bulaq, Misri, mwaka 1874 kwa juzuu 4. Na mfaransa Leclerc akakifasiri kwa lugha yake baina ya mwaka 1877 na 1883.

TUNAYOJIFUNZA

Ndugu zangu, watu wetu wamegawanyika leo katika jambo la dawa. Wako wanaodharau kila kilichotoka kwa wazee, na wakisikia jina la mti hucheka. Na wako waliozama kwa waganga, wakinunua kwa fedha nyingi unga usiojulikana umetoka mti gani, umechanganywa na hirizi, kafara na vitisho vya mashetani. Mganga akiulizwa, husema ni siri ya babu yake. Ibn al-Baytar hakuwa katika kundi la kwanza wala la pili. Aliwaheshimu wazee kwa kuwasikiliza mpaka mchungaji wa porini. Akaiheshimu haki kwa kumsahihisha hata Galen. Siri ya Bijaya aliitoa hadharani, kwani ilimu inayomponya mtu ikifichwa ni dhulma kwa mgonjwa. Yule asiyetaka kusema ametia nini katika dawa yake hastahiki kuaminiwa afya ya mtoto wako.

La pili, hakuona aibu kujifunza kwa Wayunani, wala hakuona haja ya kuwaibia. Kila neno alilirudisha kwa mwenyewe. Amana hiyo ni katika dini, na ndiyo iliyomfanya aaminiwe na walio dini yake na wasio dini yake.

La tatu, twapenda kujifakhiri kwa Andalusi katika khutuba zetu. Lakini kujifakhiri kwa maiti hakumshibishi aliye hai. Pwani yetu hii ina mikoko, ina misitu ya kaya, ina mwani na samaki wa kila rangi. Wazee wanaojua majina ya miti hiyo kwa Kimvita, Kibajuni na Kidigo wapungua kila mwaka, na kila anapozikwa mmoja huzikwa naye kitabu kisichoandikwa. Basi mwanao anaposoma ilimu ya mimea na wanyama skulini, usimwambie kwamba anapoteza wakati wa dini. Mnunulie daftari, mpeleke kwa mzee anayejua, aandike jina la mti, mahali unapoota na unavyotumiwa. Kisha mwambie awaendee wenye ilimu ya kupima, wapambanue lililo kweli na lililo dhana. Huo ndio mwendo wa Ibn al-Baytar, nao hauhitaji mfalme wala dola. Wahitaji miguu, macho na ukweli.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Baytar na walimu wake, na atujaalie sisi na watoto wetu ilimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi taufiki.